Rimoti Moja kwa Mitambo Minne

Mume wangu alipoikuta rimoti ya televisheni ndani ya friji, alicheka mpaka akakohoa.

"Sindano, unaiweka humu isichache?"

Nikacheka naye. Ningefanya nini? Aliyeiweka ni yeye. Asubuhi ile nilimwona kwa macho yangu akiilaza kando ya maziwa, akafunga mlango wa friji taratibu, akaenda zake kuoga.

Sindano ndiyo mimi. Nashona nguo hapa nyumbani, na mume wangu husema kazi yangu na ulimi wangu vimetoka kiwanda kimoja. Yeye watu wote humwita Fundi, maana ametengeneza redio na televisheni za mtaa mzima tangu tukiwa vijana. Mtu wa namna hiyo kuweka rimoti kwenye friji na kusahau, si jambo la kuchekea. Nikajifungia bafuni nikampigia simu binti yetu, ambaye ni nesi katika mji mwingine.

"Mama, sikiliza," akasema. "Mpe kazi anayoijua vizuri kabisa, halafu kaa umtazame. Usimsaidie hata kidogo. Nitapiga Jumamosi jioni."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa nakuja kumchukua, apimwe kichwa. Usianze kulia sasa hivi."

"Nani analia?" nikamjibu, huku nikijifuta kwa mkono wa gauni.

Kazi yenyewe ilikuwa sebuleni, inaningoja. Tuna televisheni, king'amuzi, deki, na amplifaya yenye spika tano ambazo Fundi alizipachika kuzunguka kuta zote, hata mtu akipigwa risasi kwenye filamu anayeinama ni mimi. Kila mtambo una rimoti yake. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikamwambia nimechoka kukalia rimoti kila nikitaka kupumzika, aninunulie moja ya kuendesha mitambo yote, na aiseti yeye mwenyewe. Akafurahi kama nimemwalika harusini. Mimi nilikuwa namtega, na aibu ya mtego huo niliibeba njia nzima hadi dukani.

Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, alituwekea rimoti mbili juu ya meza. Moja ilikuja na namba zake tayari, unatafuta namba ya mtambo wako na kuiingiza. Nyingine ilikuwa ya kujifunza, inanakili kutoka kwa rimoti ya zamani, kitufe kimoja kimoja. Fundi alizipima uzito mkononi. Akaniomba simu yangu, akafungua kamera, akaelekeza jicho la rimoti ya kwanza kwenye kamera na kubonyeza. Hakikuonekana kitu. Akabonyeza ya pili, na kwenye kioo cha simu ikawaka taa ndogo ya zambarau ambayo macho yetu matupu hayakuiona.

"Hii inasema," akamwambia muuzaji. "Ile yako nyingine ni bubu. Taa yake imekufa."

"Baba, wewe si mchezo," muuzaji akasema, akairudisha ile bubu kwenye boksi.

Nilitamani nimkumbatie mbele za watu. Nilijiona mwanamke mjinga, wa kumzulia mumewe maradhi kwa sababu ya maziwa na friji.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele kama kawaida yake, maana hajawahi kuwa na subira na mwendo wangu. Tulipofika kwenye kona ya kuingia mtaa wetu, akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Tangulia," akaniambia.

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kuambiwa tangulia. Nikatangulia. Nyuma yangu nilisikia viatu vyake vikinifuata kila nilipokata kona.

Nyumbani alitandika taulo juu ya meza ya sebuleni, akazipanga rimoti, akavaa miwani. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikijifanya napinda sketi.

"Njoo uone, Sindano. Ya zamani inasema, mpya inasikiliza. Unazilaza uso kwa uso, karibu, zisiguse. Bonyeza hapa kuiambia mpya isikilize. Sasa bonyeza sauti kwenye ya zamani. Umeona taa imekonyeza? Imeshika."

Televisheni ikakubali. King'amuzi kikakubali. Alikuwa akipiga mluzi. Nilitazama chini nikakuta uzi ulikuwa umekwisha kitambo, nilikuwa nashona hewa.

Alipofika kwenye deki, mluzi ukakatika.

Alizigeuza rimoti mbili zikapeana kisogo. Akabonyeza. Taa haikukonyeza. Akabonyeza tena, kwa utulivu uleule, kisha tena. Mtu asiyejua kazi angeweza kukosea hivyo, lakini Fundi akizilaza rimoti kisogo kwa kisogo ni sawa na mimi nitie mguu kwenye shingo ya gauni. Nilikumbuka nimekatazwa kusaidia. Nikaikamata meza ya cherehani kwa mikono yote miwili ili nisiinuke.

Aliendelea kubonyeza mpaka sikuweza tena kuvumilia ile sauti ya kitufe. Nikainuka. Nikaenda hadi mezani, nikazigeuza zile rimoti zikatazamana uso kwa uso.

Akaninyanyulia macho. Alitabasamu, tabasamu la heshima, lile alilokuwa akiwapa wateja dirishani kwenye kibanda chake cha redio, zamani nilipokuwa nikishonea nje yake.

"Samahani, mama," akasema. "Bado haijawa tayari. Pitia kesho. Usiponikuta, muulize mke wangu, yuko hapo nje anashona."

Sijawahi kuogopa namna ile. Niliwahi kuogopa moto, niliwahi kuogopa wezi, lakini kwa yote hayo nilimwita yeye akaja. Sasa nimwite nani? Nilisimama mbele ya mume wangu nikiwa mteja.

"Sawa, fundi," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Nitapitia."

Nikarudi kwenye cherehani kwa sababu ndiko alikosema mkewe yuko. Nyuma yangu kitufe kikabonyezwa, na deki ikalia kuonyesha imewaka. Akaguna kwa kuridhika. Baada ya muda kidogo akaita, "Sindano, hii amplifaya yako inaringa," kwa sauti yake mwenyewe, kana kwamba hakuna aliyekuwa ameondoka.

Simu ikalia. Binti.

"Ameweza?"

Nilimtazama Fundi. Alikuwa ameshika rimoti mpya kifuani, ananiangalia.

"Ameweza," nikasema. "Kaziseti zote nne. Baba yako yuko imara kuliko mimi."

"Usimdanganye mtoto," Fundi akasema. Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa simu. Akaiweka sikioni akashusha pumzi.

"Mwanangu, njoo unichukue wakanipime. Mama yako amenipeleka dukani leo akidhani sijui kwa nini. Ndiyo. Ya deki nimeiweza, lakini sijui niliiwezaje, kuna kipande hapo kati sikikumbuki. Mambo yananikatika. Muda mwingine narudi nakuta mama yako amesimama tu ananitazama, na sijui nimemwambia nini. Anaogopa. Na mimi naogopa, mwanangu. Njoo kesho mapema."

Alisikiliza, akaitikia "haya, haya," kisha akanirudishia simu. Nililia pale pale bila kujificha. Lakini ndani ya kilio kulikuwa na nafuu, nisiseme uongo. Alikuwa anajua. Tungeogopa wawili, na kesho tungeongozana na mtoto wetu hospitali, watatu, tumeshikana mikono kama familia.

Fundi akakaa tena mezani. Akaivuta rimoti ya amplifaya, akaipangusa kwa ncha ya taulo. Kisha akanigeukia kwa ukarimu, kama mtu anayemsemesha jirani.

"Huyo binti ana sauti ya upole sana," akasema. "Ni wa nani?"

Simu ilikuwa bado haijakatwa. Niliisikia pumzi ya mwanangu ikisimama upande wa pili.

"Ni wetu," nikasema kwa nguvu, ili wote wawili wasikie. "Ni wako na wangu."