Namba Iliyotulia

Kwa karibu mwaka mzima Mzee Ngigi aligombana na namba. Ilikuwa kwenye skrini ndogo ya paneli, ndani ya nyumba ya pampu aliyoilinda na kuiendesha, kwenye tambarare kavu chini ya Mlima Longonot. Namba hiyo ilipaswa kuonyesha maji yamesimama mita ngapi juu ya pampu, kule chini kabisa ya kisima. Lakini tangu waletewe pampu mpya, yenye kisanduku cha kuongeza na kupunguza mwendo wake, namba haikutulia. Ilisema arobaini, ukipepesa macho imekuwa tisa, halafu thelathini. Mara nyingine ilishuka hadi pampu ikajizima yenyewe kana kwamba maji yameisha, na akina mama wakabaki kwenye mifereji na mitungi mitupu.

Mwishowe Ngigi aliamua kwamba mashine ni mwongo. Akaizuia isizime pampu tena, na Jumapili moja baada ya ibada akasimama akawatangazia watu kwamba maji yapo tele, shida iko kwenye waya. Alikuwa amekiendesha kisima hicho tangu kichimbwe, kwa hivyo neno lake lilitosha. Kamati ya maji ikavuta laini ya bomba hadi nyumba za upande wa juu. Binti yake Lynn na mumewe Maxwel, waliokuwa wamepanga nyumba Nakuru, wakajenga huko, wakahamia na mtoto wao na ng'ombe wa maziwa, wakalima vitunguu. Ngigi mwenyewe ndiye aliyewaita.

Na waya kweli ulikuwa na shida. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye, kwamba hakuwa amekosea kabisa.

Kamati ilimleta fundi kutoka Nakuru, mwanamke mtulivu aitwaye Chepkurui, ambaye kazi yake ni kutengeneza vyombo vya kupimia viwandani. Alishinda asubuhi nzima akifuata waya kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye paneli. Alimweleza Ngigi kwamba sensa, yaani kile kihisi cha kupima maji kilicho kisimani, hutuma habari zake kwa mkondo mdogo sana wa stima: maji yakiwa mengi mkondo unapanda, yakipungua unashuka. Sasa kile kisanduku cha pampu kilikuwa kikivujisha kelele za stima, vurugu ambazo sikio halizisikii, na kwa sababu waya ulikuwa umeunganishwa na ardhi pande zote mbili, kelele zile zilipata njia ya kuzunguka na kuvuruga habari za sensa.

Dawa yake ilikuwa kifaa kidogo, hakizidi kipande cha sabuni, ambacho mafundi hukiita isoleta. Kinapokea mkondo upande mmoja na kutoa mwingine kama huo upande wa pili, lakini pande hizo mbili hazigusani, basi kelele zinakosa pa kupitia. Ndani ya paneli hapakuwa na nafasi ya kuongeza chanzo kingine cha stima, kwa hivyo Chepkurui alikuwa amebeba aina isiyohitaji stima yake, inayojiendesha kwa mkondo uleule wa sensa. Ngigi alimshikia tochi. Alikuwa na furaha ya mtu anayengoja kesi yake iamuliwe. Kule nyumbani mkewe Mugure alikuwa amemchinjia fundi kuku.

Chepkurui alikaza skrubu ya mwisho, akawasha. Namba iliruka mara moja, kisha ikasimama. Nne nukta mbili.

Ngigi aliingoja ipande. Pampu ilikuwa inanguruma kama siku zote. Baada ya kitambo namba ikawa nne nukta moja.

"Hiyo kitu haina stima yake," akasema polepole. "Si lazima inakula ile ya sensa? Inaipunguza, ndio maana."

Lilikuwa swali la maana, na Chepkurui hakulicheka. Alimjibu kwamba ni kweli inakula, lakini inakula msukumo tu, ile nguvu inayousukuma mkondo, na msukumo ulikuwepo wa kutosha. Alikuwa ameupima kabla ya kuifunga. Mkondo wenyewe, ule unaobeba habari, unatoka jinsi ulivyoingia. Akachomoa waya wa sensa, akatuma mkondo wa majaribio kutoka kwenye chombo chake. Alipotuma wa nusu, skrini ilionyesha nusu. Alipotuma wa juu kabisa, skrini ilipanda hadi juu kabisa. Kisha, pampu ikiwa bado inavuta, wakateremsha utepe wa kupimia kisimani, ule unaolia ukigusa maji. Uliteremka sana kabla ya kulia. Chepkurui akapiga hesabu, na jibu likawa lilelile la skrini.

Ngigi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Toa hiyo kitu, madam."

"Mzee, nikiitoa namba itaanza kuruka tena. Maji hayatapanda."

"Najua. Wewe toa tu."

Hakuitoa. Alikusanya vyombo vyake bila haraka, akamshauri apunguze saa za kuvuta maji na arudishe ile kinga ya kuzima pampu siku hiyohiyo. Nyumbani alikula kidogo tu, akamshukuru Mugure, akaondoka.

Jumapili iliyofuata Ngigi alisimama tena mbele ya watu. Aliwaambia kwamba maji yanaisha, kwamba laini ya juu ifungwe na kila mtu aache kumwagilia shamba. Hawakumkasirikia mwanzoni, walidhani ni mgonjwa. Lakini swali alilomuuliza fundi lilikuwa limeshazunguka kijijini, na sasa lilimrudia kutoka vinywani mwao: kifaa kisicho na stima yake kinaishi kwa kunyonya. Maxwel, mkwe wake, ndiye aliyesimama kwa niaba ya watu wa juu.

"Baba, mwaka mzima umetuambia mashine inadanganya. Tukahama juu ya hiyo neno. Leo unataka tukuamini ukisema inasema ukweli?"

Kamati ikachukua funguo za nyumba ya pampu, ikaita fundi wa redio kutoka centa ya biashara ya jirani, naye akaiondoa isoleta, akaizuia kinga isizime pampu, na kuunganisha waya moja kwa moja. Skrini ikaruka hadi thelathini na nane. Watu waliojazana mlangoni wakacheka kwa kuona wamepona, na Ngigi, aliyesimama nyuma yao akijua alichokijua, akajikuta naye amefurahi. Furaha hiyo ilidumu kidogo. Akawaomba basi warudishe kinga tu, wakamwambia apumzike, amefanya kazi ya kutosha.

Kiangazi kilipokolea, mifereji ilitoa maji ya kahawia, kisha ikatoa hewa. Pampu iliendelea kuvuta matope hadi ikashika moto ndani. Walipoitoa ilikuwa nyeusi na imekwama. Mchimbaji visima waliyemleta alikitazama kisima, akasema maji yameshuka bonde lote hilo, na kwamba ukichimba zaidi utapata maji ya moto ambayo hata ng'ombe hawezi kunywa.

Watu wa juu walianza kuondoka. Lynn aliuza ng'ombe wakiwa mbavu nje. Hakumlaumu baba yake hata mara moja. Alimpikia chai kama kawaida, kwa maji ya kununua, na Ngigi aliona afadhali angemtukana. Mugure aliacha kwenda kanisani kwa sababu kila mtu alimsalimia kwa upole mno.

Siku ya kuvunja nyumba ya Lynn na Maxwel, Ngigi alipanda huko juu na ngazi yake mwenyewe. Maxwel aling'oa misumari, yeye akateremsha mabati moja moja kwenye vumbi. Walifanya kazi mpaka paa likaisha na mwanga ukajaa chumba alichokuwa akilala mjukuu. Maxwel akauliza kama hayo mabati yataenea kwenye gari moja.

Ngigi akasema yataenea.