Pasi Inayosoma Habari

Jioni ya siku redio ya nchi ya nje ilipofungwa, dobi alikuwa akinyunyizia maji shati la mwalimu. Msomaji wa habari, mwanamke ambaye mtaa mzima uliijua sauti yake kuliko sauti za shangazi zao, aliaga kwa adabu. Serikali ya mbali iliyokuwa ikiigharamia idhaa ile ilikuwa imeona kwamba watu siku hizi wana simu, basi inatosha. Kisha akauliza, kama alivyouliza mwisho wa kila taarifa tangu mwandishi wao wa mji huu achukuliwe: "Mwenzetu yuko wapi?" Baada ya hapo redio ikabaki kukoroma.

Mwandishi huyo ndiye mume wa dobi. Alipotuma habari ya dawa za hospitali zinazouzwa mlango wa nyuma, alianza kubadili njia za kurudi nyumbani, na njia ya siku ile aliitaja kwa watu wachache tu. Gari lisilo na namba lilimsubiri huko huko. Kwa hiyo kuna aliyesema. Tangu hapo dobi alimshuku kila mtu: muuza maziwa kwa kuchelewa, fundi viatu kwa kuwahi, dada yake mwenyewe kwa kumhurumia kupita kiasi. Kitanda aliendelea kukitandika kwa watu wawili.

Ni mtu mmoja tu ambaye dobi hakumshuku. Karani wa ofisi ya mkoa, jirani yao, aliyeitwa Bwana Kola kwa kupenda kola ngumu kama kadibodi, alimwita shemeji na kila jioni alikaa kwenye benchi la kibanda cha dobi kusikiliza taarifa. Swali la mwisho likiulizwa, yeye ndiye aliyetikisa kichwa kwa muda mrefu kuliko wote.

Kesho yake, saa ya taarifa ilipofika, pasi ikaanza kusoma habari. Sauti ilikuwa ya mwanamke yule yule. Dobi alichomoa waya, pasi ikaendelea kusoma, naye akauchomeka tena kwa sababu bado alikuwa na mashuka. Haikuchukua muda watu wakaelewa kwamba inasoma habari za nguo iliyo chini yake. Gauni la mkunga lilieleza kinaga ubaga nani alimsukuma nani kwenye foleni ya maji. Suruali ya fundi viatu ilitangaza kwamba mwenye suruali anadanganya umri. Wateja waliuliza kama maneno yanaacha madoa, dobi akasema hapana, wakaridhika. Na kila taarifa ilifungwa kwa swali lile lile.

Bwana Kola aliendelea kuja benchini, ila nguo hakuleta tena. Alisema sabuni inamwasha. Mtu wa kola zile sasa alitembea amekunjamana kama aliyelala stendi, na dobi alimtazama mpaka alipopinda kona.

Aliyeleta nguo ni mkewe Bwana Kola, ambaye hakuwa na habari ya lolote.

"Mpigie pasi huyu mtu," alisema, akitua furushi. "Nimechoka kuongozana na tambara."

Jioni hiyo dobi aliweka pasi juu ya shati jeupe. Benchi lilikuwa limejaa, Bwana Kola peke yake hakuwepo. Msomaji alisema kwamba asubuhi ya siku mwandishi alipochukuliwa, mvaaji wa shati hili alikuwa ofisi ya usalama, akataja uchochoro wa nyuma ya soko na saa ya kupita. Dobi alilikunja shati taratibu. Mumewe hakuwahi kutuma habari aliyoipata kwa mtu mmoja tu, na yeye hangeanza leo. Akachukua suruali.

Suruali ilisema yale yale, ikaongeza kwamba jioni ile ilisimama kwenye machimbo ya kokoto, ikaona gari likiingia na mtu na kutoka bila mtu. "Na huo ndio mwisho wa habari," alisema msomaji. Swali hakuliuliza.

Watu wa benchi walitazama viatu vyao. Dobi alilia akiwa amesimama, bila kuficha uso, kisha akamalizia kunyoosha suruali, kwa sababu hakuwahi kutoa kazi nusu.

Bwana Kola alikuja mwenyewe asubuhi kuchukua nguo.

"Shati limesema," dobi alimwambia. "Suruali imethibitisha."

Bwana Kola aliibonyeza kola kwa kidole gumba. Ilikuwa ngumu kama zamani.

"Sawa, shemeji. Sasa hiyo habari utampelekea nani?"

Dobi aligeuka. Akaitazama redio iliyokuwa juu ya rafu, bado inakoroma. Alimchukia mtu huyu kwa moyo wake wote, akamfungia nguo zake kwenye gazeti.

Jioni alitandika shuka la mwalimu mezani, na saa ilipofika pasi ikaanza kusoma. Bwana Kola alitokea amenyooka, shati jeupe linang'aa. Watu wa benchi walimwona. Wakasogea, kama siku zote, wakampisha akakaa.