Kovu la Phulmani

Ofisi yetu pale Simdega, mji mdogo wa India, iko juu ya duka la mbolea, na kazi yetu ni kuifundisha kompyuta kutazama. Picha inakuja, unabonyeza: ya kweli au ya kutengenezwa. Ukisema ya kutengenezwa, unaeleza umejuaje. Mimi ni hodari wa kueleza, na nilikuwa najisifu kwa hilo.

Jumanne moja ikaja picha ya dada yangu Phulmani, mwalimu mzima wa watu, akiwa uchi.

Sura ilikuwa yake, imetolewa kwenye picha ya harusi ya binamu yetu, hata kibanio cha nywele ni kilekile. Mwili haukuwa wake. Phulmani ana kovu ubavuni kushoto, alimwagikiwa maji ya wali utotoni. Kwa hasira nikaandika yote: kovu halipo, lilipaswa kuwa hapa, ukubwa wa kiganja, limekunjamana. Nikatuma, nikajiona nimemwokoa.

Picha ilikuwa imeshafika kijijini. Zilibaki wiki mbili tu tufanye lota-pani, siku ya upande wa mume kuja kuposa rasmi. Mama hakubabaika. Alimwita shangazi wa bwana harusi, wakaingia chumbani na Phulmani, wakafunga mlango.

Shangazi alitoka anafuta macho. "Nimeona kovu kwa macho yangu, na kwenye simu halipo. Wanaosema wataisoma namba. Mkwe wetu ni huyuhuyu."

Siku ile tulikula kuku.

Wiki iliyofuata msimamizi wetu, Bwana Tirkey, akasimama mezani kwangu. "Anima, mteja kayapenda maelezo yako. Endelea hivyohivyo."

"Si ndiyo yanayoisaidia mashine kukamata picha za uongo?"

"Kukamata?" Akacheka. "Nani kakudanganya? Ni mashine ya kutengenezea picha. Ukiwaambia kinachokosekana, wanakijaza."

Niliyafungua yale maelezo ya kovu niyafute, yalikuwa hayafutiki tena.

Alhamisi picha mpya ikazunguka. Kovu lilikuwepo, ubavuni kushoto, ukubwa wa kiganja. Shangazi hakuja tena, alituma tu ujumbe kwamba hawaji. Mama sasa hamtazami Phulmani usoni, anamsogezea sahani na kuondoka. Shuleni wamemwambia apumzike kwanza.

Jana alinikalisha kitandani, akapandisha blauzi.

"Mdogo wangu, wewe unayajua haya mambo ya kompyuta. Hebu tazama vizuri. Langu lina mkia huku chini, la kwao halina. Umeuona?"

"Nimeuona, dada."

"Basi waandikie huko kazini kwenu. Waelezee huo mkia, wajue si mimi."

Sikuwa na ubavu wa kumwambia. Nikasema nitaandika. Akanishukuru, mara mbili, akashusha blauzi yake na kuanza kunisuka nywele za kwendea kazini.