Namba Saba Kwenda Chini

Jumapili hiyo gazeti lilikuja na neno lile lile. Fundi Misumari alilikuta kabla hata hajakaa vizuri: kwenda chini, namba saba, hufanyika thieta, herufi tano. Alilikunja gazeti, akalikunjua, akalitazama kama anayemtazama jirani aliyemwibia kuku na bado anamsalimia. Kisha akalitupa chini ya meza ya kazi, kwenye vipande vya sponji.

"Limekukosea nini tena?" kinyozi akauliza kutoka upande wa pili. Saluni yake na karakana ya makochi vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, na gazeti walinunua moja, wakasoma wawili.

"Opera."

"Jibu si unalijua? Andika, mambo yaishe. Mwenzio nahangaika na mnyama wa herufi nne, na sitaki kuandika meya."

"Andika wewe. Mimi siandiki."

Jina la Misumari alipewa na wateja. Akipigilia kochi kitambaa, alijaza misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, na aliyemsemesha wakati huo alijibiwa kwa mguno. Tangu afiwe na mke wake, watu walisema hata mdomo ukiwa mtupu anaongea kama umejaa.

Neno lile lilikuwa la mke wake. Mtaani walimwita Bi Kalamu, maana kalamu haikumtoka nywelani, iwe anapika au anafua. Mumewe aliacha shule mapema, akijua kuandika jina lake na kusoma pole pole kwa kidole. Bi Kalamu alimzidi kidogo. Jumapili alikaa kwenye kochi lolote lililokuja kutengenezwa, akasoma maswali kwa sauti, mumewe akakata kitambaa, wakabishana mpaka chakula kikapoa. Mara ya kwanza namba ile iliwashinda. Wiki iliyofuata gazeti likatoa majibu, na Bi Kalamu akalitazama neno kwa muda, akaanza kucheka.

"Kumbe wamefupisha. Operesheni, opera. Si hufanyika thieta?"

Fundi aliwahi kupasuliwa ngiri ujanani. Alijua vizuri thieta ni nini: chumba cha taa kubwa ambamo unalazwa, unaambiwa uhesabu, na unaamka umeshonwa. Hakuona cha kubisha. Kuanzia siku hiyo nyumba nzima ikasema opera. Jirani akipasuliwa, kafanyiwa opera. Na neno lenyewe lilikuwa king'ang'anizi. Wiki mbili halipo, ya tatu hilo hapo, limehama namba tu.

"Huyu mtunga fumbo lazima ana ndugu daktari," Bi Kalamu alikuwa akisema, akiliandika bila kufikiri.

Kisha akaota uvimbe tumboni. Daktari wa hospitali ya mji alimpapasa, akavua miwani, akasema operesheni, na isicheleweshwe. Bi Kalamu alitoka koridoni akamshika mumewe mkono.

"Opera," akasema. "Sasa namba saba ni mimi."

Thieta ya hospitali ilikuwa na kufuli. Dari lilikuwa limevuja juu ya mashine ya kulaza watu usingizi, na mlangoni palibandikwa karatasi: imefungwa kwa matengenezo. Karatasi yenyewe ilikuwa imekwisha kupauka. Wagonjwa walikaa sakafuni, migongo ukutani, miguu imenyooshwa, kwa sababu mabenchi ya korido yaliazimwa siku meya alipokuja kuhutubia na hakuna aliyeyarudisha. Nesi alipita akiruka miguu yao kama anaruka madimbwi. Kila walipokwenda waliambiwa warudi. Wakarudi. Wakaambiwa warudi.

Ndipo gazeti lilipotoa habari. Ukurasa wa mbele, picha ya meya amevaa kofia ngumu ya mafundi, anacheka meno yote. Thieta mpya mbioni, kichwa kilisema. Bi Kalamu alisoma chini yake kwa sauti: mji utapata thieta ya kisasa, na kwa mara ya kwanza wananchi hawatalazimika kusafiri mbali kwa ajili ya opera.

Aliikata habari ile kwa mkasi wa mumewe, akaibandika ukutani juu ya kitanda.

Binti yao aliyeolewa mji mwingine alikuja kumchukua. "Mama, kwetu hospitali inafanya kazi. Twende."

"Nikapigwepigwe na mashimo barabarani, na tumbo hili, wakati thieta inakuja mpaka mlangoni? Muulize baba yako. Imeandikwa."

Binti hakwenda kuisoma ile habari. Aliisikia kwa mama yake, na mama yake hakuwa mwongo. Baba naye akasema tungoje. Wakangoja. Kila Jumapili fumbo likileta lile neno, Bi Kalamu alilizungushia duara na kusema wanamkumbusha, zamu yake iko karibu. Alifariki asubuhi moja, meya akimchekea kutoka ukutani.

Hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya meza pamoja na gazeti, siku ile kijana mmoja nadhifu alipoingia karakanani na kujitambulisha kuwa msimamizi wa ujenzi.

"Mzee, thieta mpya inataka fundi makochi. Tumeambiwa mkono wako hauna mfano."

Fundi alitaka kumfukuza. Mnakuja leo, mgonjwa kashazikwa. Lakini aliikumbuka ile miguu koridoni. Akatema misumari kiganjani, akachukua sampuli zake, akamfuata.

Alitegemea harufu ya dawa, akakuta harufu ya rangi mbichi. Ukumbi ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Mbele palikuwa na pazia zito, akadhani ni la kumsitiri anayepasuliwa. Akatandaza sampuli sakafuni.

"Kwa vitanda nashauri hii ngozi bandia nyeusi," akasema. "Haichaniki upesi, na damu inafutika kwa kitambaa chenye maji."

"Damu ya nani, mzee?"

"Ya wagonjwa."

Msimamizi alimtazama, akalitazama pazia, akaanza kucheka mpaka akaketi kwenye ngazi. "Mzee wangu, utaniua. Hii ni thieta ya maonyesho. Watu wanakaa huku, wengine wanapanda pale juu, wanafanya opera."

"Wanafanya opera bila daktari?"

"Opera ni mchezo wa kuigiza, lakini hawasemi, wanaimba. Wakipendana wanaimba. Wakigombana wanaimba. Hata anayekufa anakufa anaimba."

Fundi hakucheka. Bi Kalamu hakufa anaimba. Alikufa ameuma kona ya shuka ili majirani wasimsikie.

"Gazeti lilisema wananchi hawatasafiri tena mbali," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kweli kabisa. Wapo waliokuwa wanasafiri nje kwenda kuitazama."

"Kina nani?"

Msimamizi akafikiri. "Meya. Na mke wake."

Fundi alianza kuokota sampuli zake, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo kazi unaitaka au huitaki?"

"Mstari wa mbele anakaa nani?"

"Meya na wageni wake. Hivyo vitatu vya katikati vinakuwa na mahameli nyekundu na mgongo mrefu. Kiti cha kwanza atakuja kukikagua mwenyewe, kwenye karakana yako."

"Atakuja kwangu? Kwa miguu yake?"

"Kwa gari lake, mzee."

"Basi naitaka."

Binti alipopata habari alikuja na basi la asubuhi, akamkuta anapima sponji. "Baba, unawashonea viti watu hao?"

"Nataka nimuulize mtu mmoja swali moja. Ile kufuli ya hospitali inafunguliwa lini. Akinijibu mbele ya watu, mimi nimemaliza."

Binti aliingia chumbani. Kwa mara ya kwanza akaisoma ile karatasi ya ukutani, akatoka nayo mkononi.

"Baba. Hapa wameandika opera. Opera si..."

"Najua. Nimeambiwa."

"Kwa hiyo mama..."

"Usimseme mama yako. Mama yako alisoma kilichoandikwa." Aliuweka mkasi mezani kwa kishindo. "Mji huu neno thieta lina mlango mmoja tu. Kila mtu anaujua, kila mtu amekaa chini mbele yake. Wao ndio waliochukua neno la wagonjwa wakaenda kulichezea. Meya asingejua? Anapita pale kila akitaka kura."

Binti aliirudisha karatasi ukutani, lakini uso wa meya akaugeuzia ndani.

Siku ya ukaguzi meya alikuja karakanani na wapambe, na mwandishi wa gazeti mwenye kamera. Akakaa kwenye kiti chekundu, akadundadunda kama mtoto, akapapasa mahameli. "Hii ndiyo kazi," akasema. "Fundi ni nani?"

Fundi akasogea. Mdomoni hakuwa na msumari hata mmoja, alikuwa amejiandaa.

"Ni mimi, mheshimiwa. Mke wangu aliisubiri opera mpaka pumzi ya mwisho. Mimi nimeisubiri naye. Nataka kujua, thieta ya hospitali inafunguliwa lini?"

Meya alisikia alichotaka kusikia. Akanyanyuka, akamkumbatia begani, akamgeuza kuelekea kamera. "Mmemsikia mzee? Na kuna watu wanasema wananchi wa kawaida hawahitaji opera."

"Nimeuliza hospitali, mheshimiwa."

"Kila kitu kwa wakati wake, mzee wangu. Leo tuko kwenye viti." Kamera ikamulika. Wapambe wakapiga makofi, na meya alikuwa keshafika mlangoni.

Jumapili ikafika. Kinyozi aliingia karakanani na gazeti, amelifunua lote. "Nyota wangu. Umeingia gazetini, sasa hutanipa tena kichwa nikinyoe." Kisha akaiona sura ya fundi, akaliweka mezani taratibu.

Picha ilikuwa kubwa. Mkono wa meya begani mwake. Chini yake, maandishi ambayo fundi aliyasoma kwa kidole, neno kwa neno: nimeisubiri opera kwa hamu, asema mzee fundi. Na ukurasa wa nyuma, palepale mgongoni pa picha, fumbo. Kwenda chini. Hufanyika thieta.

"Hamu," fundi akasema. "Hili neno nimelitamka mimi?"

"Watu wanajua hukulitamka."

"Watu gani? Gazeti limeandika. Mke wangu aliliamini gazeti, kesho mke wa mtu mwingine ataniamini mimi." Akaipangusa picha kwa kiganja, kana kwamba ule mkono ungeweza kutoka begani. "Nilitaka neno moja tu kutoka kwake. Kachukua la kwangu, kaondoka nalo."

Viti vya mstari wa mbele vilikuwa vimekamilika, vimepangwa ukutani, vinang'aa kama ndimi. Ufunguzi ulikuwa jioni ya siku iliyofuata. Asubuhi akaja mwenye mkokoteni aliyetumwa kuvichukua, akavifunga kamba, akauliza kama wenzake wote wanavyouliza:

"Napeleka wapi, mzee?"

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Alivizunguka viti vile mara mbili, hadi kinyozi akachungulia. Kisha akaitema yote kiganjani.

"Thieta," akasema.

"Ile mpya?"

"Ile ya zamani."

Kinyozi akavua koti lake la kunyolea. "Nyuma hapo mkokoteni unataka mtu wa kusukuma," akasema, wala hakuuliza zaidi.

Koridoni wagonjwa walikuwa walewale au wengine waliofanana nao. Fundi aliviingiza viti kimoja kimoja, akavipanga ukutani kuanzia kwenye mlango wenye kufuli. Nesi akaja mbio.

"Vya nani hivi? Nani kaviagiza?"

"Thieta," fundi akasema.

Nesi aliitazama mahameli. Akaitazama kufuli na karatasi iliyopauka. "Basi vibane ukutani," akasema, "watu wapate kupita."

Mwanamke aliyekuwa ameshika tumbo aliinuka sakafuni kwa shida. Alikigusa kiti kwa ncha za vidole, akaurudisha mkono. "Hiki si cha wakubwa, baba?"

"Ni cha wageni wa meya. Kaa."

Akakaa. Akaegemeza kichwa kwenye ule mgongo mrefu, akafumba macho. Wengine wakaanza kuinuka, wakisaidiana, na korido ikajaa sauti za watu wanaokaa vizuri baada ya muda mrefu. Cha karibu kabisa na mlango fundi alikizuia kwa mkono. Hicho hakumpa mtu.

Mchana simu ililia. Alikuwa msimamizi, na sauti ilikuwa haina kicheko. "Mzee, mstari wa mbele uko wazi. Viti viko wapi?"

"Nilishavifikisha."

"Wapi? Mimi niko hapa thieta, sivioni."

"Na mimi niko hapa thieta, navitazama."

Msimamizi akauliza pole pole: "Mzee, thieta gani?"

"Hii yenye kufuli," Fundi Misumari akasema. "Mwambie meya kiti chake kipo, nimemwekea mlangoni kabisa. Na asije mikono mitupu. Aje na ufunguo."