Kempa Yenye Jiko

Hamida wa Pangani aliwatumikia Saif na mkewe Saleha, huko Uarabuni, mtaa wa Al Barsha, kwa miaka sita, na katika minne ya mwanzo binti yao Shamma hakupata usingizi mpaka ashike sikio la Hamida. Alikuwa mpishi na yaya kwa pamoja. Kisha, mwaka 2007, mtoto alipokaribia kuanza shule, Saleha akasema sasa anahitajika mtu wa kumzoesha Kiingereza. Akaletwa Angella, msichana wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja kule Marina. Hamida akabaki na jiko.

Angella hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuuma Hamida zaidi. Angekuwa mvivu, au mchafu, au mwenye mdomo, moyo ungetulia. Lakini alikuwa msafi na mpole, akimwita "dada Hamida" na kuosha kikombe chake mwenyewe. Mwezi wake wa kwanza Shamma akaanza kumwita Anji. Mwezi wa tatu, Hamida alipopita na nguo zilizopigwa pasi, mlango wa chumba cha mtoto ukiwa nusu wazi, alimwona Shamma amelala, kidole na gumba vimelibana sikio la Anji. Alirudi jikoni akakata vitunguu vitano ambavyo havikuwa na chungu cha kuingia.

Majira ya baridi Saif alinunua pikapu ya milango minne, si kubwa wala si ndogo, akataka kuitafutia kempa, kile kijumba cha kulalia kinachopachikwa nyuma, watu wakaenda nacho jangwani. Saif alikuwa mhandisi, mtu asiyenunua hata kamba bila kuipima. Jioni moja alitandaza katalogi mbili kwenye meza ya jikoni akawaita wote. Nyumba ile ilizungumza Kiarabu na Kiingereza kwa kuchanganya, na Hamida alishavizoea vyote viwili.

"Hii ya kwanza ni nyepesi," Saif alisema. "Fremu ya alumini, juu turubai linaloinuliwa mkishafika. Haina jiko, mnapikia nje. Hii ya pili ina jiko, sinki, friji na makabati. Lakini uzito wake ni karibu mara mbili."

"Nyepesi ni nzuri, sir," Angella alisema, Shamma akiwa mapajani mwake. "Gari lenyewe si kubwa."

Saleha aliongea bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Tukichukua nyepesi tutachoma nyama tu, basi atakwenda Angella na mtoto. Tukichukua yenye jiko, atakwenda Hamida. Kitanda cha msaidizi ni kimoja."

Hamida akaendelea kufuta meza palepale alipokwisha kufuta. Siku tano jangwani. Shamma bila Anji, siku tano. Mtoto atamlilia nani kama si yeye?

Saif hakutaka kubahatisha. Alisema pikapu inabeba kilo mia nane na hamsini, watu wakiwemo, na kila kempa uzito wake umeandikwa kwenye katalogi. Kilichobaki ni kujua mizigo ya nyumba. Akamwambia Hamida akusanye kila kitu watakachobeba, wakipakie, ili yeye Saif aende nacho kwenye mizani ya malori kule Al Quoz.

Ijumaa Hamida alipakia sufuria, mchele, unga, mtungi wa gesi, mkaa, mazulia, mablanketi na viti vya kukunja. Nyuma ya mlango wa jikoni yalikuwepo madumu sita ya maji, kila moja lita ishirini. Aliyatazama. Alikuwa amesikia hesabu za Saif kwa wiki nzima na alijua kwamba kempa yenye jiko haikuacha nafasi kubwa. Akachukua shuka ya zamani akayafunika.

Saif alikwishawasha gari. "Maji umeweka?"

"Nimeweka, sir."

Angella alikuwa amesimama kizingitini, Shamma amemshika mkono. Alitupa jicho nyuma ya mlango, kisha akamwangalia Hamida, kisha akampeleka mtoto ndani kunawa. Hamida alisubiri aongee. Hakuongea.

Saif alirudi kutoka kwenye mizani akiwa na furaha ya mtu aliyepata jibu zuri kwenye karatasi. "Ile yenye jiko inaingia. Zinabaki kilo kumi."

Ikanunuliwa ile yenye jiko, na mwisho wa Januari walianza safari ya kwenda Liwa, jangwani, Angella akabaki nyumbani. Hamida aliamka kabla ya watu wote, akayabeba madumu moja moja, akayasukumia chini ya kitanda cha kempa. Saif alipotoka na funguo aliinama akaangalia nyuma ya gari jinsi ilivyokaa chini. Akasema kempa kweli ina uzito, akaongeza upepo kwenye matairi. Getini Shamma alimlilia Anji. Hamida akajiambia atanyamaza wakifika barabara kuu. Alinyamaza kweli, lakini hakutaka biskuti wala kupakatwa, akakaa ameegemeza paji la uso kwenye kioo.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda. Hamida alipika machbus, wali wa Kiarabu wa nyama na viungo, ndani ya kempa, Saleha akasifu, Saif akaongeza sahani. Siku ya pili, adhuhuri, walikuwa kwenye njia ya changarawe yenye mawimbi wakati nyuma ya gari kuliposikika mlio kama wa chuma kinachokatwa. Pikapu ikalala upande wa kulia. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika na bodi imekalia tairi.

Hakuna aliyeumia. Saif alipiga simu, akaahidiwa gari la kuwabeba kabla ya saa kumi. Akaanza kushusha mizigo ili aweze kuingiza jeki. Alishusha mtungi, akashusha mkaa, akaingiza mkono chini ya kitanda akavuta dumu, kisha la pili, kisha la tatu. Yalikuwa matano yaliyojaa na moja lililotumika nusu. Aliyapanga mchangani akayasimamia.

"Haya yalipimwa?"

Hamida angeweza kusema alisahau. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Saif alikuwa anamtazama kama alivyomtazama siku zote, kama mtu anayesema kweli, na neno likamkwama.

"Hayakupimwa, sir. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Nilitaka tuchukue yenye jiko."

Saif hakupandisha sauti. Alikwenda akasimama mbali, kwenye kilima cha mchanga, amewapa mgongo, na Hamida akatamani angemtukana.

Ndani ya kempa iliyolala upande Shamma alikuwa analia. Hamida aliingia, akamlaza kitandani, akajilaza kando yake, akamsogezea kichwa kama zamani. Mkono wa mtoto ulikuja, ukagusa sikio, ukaondoka.

"Siyo hili," Shamma alisema. "Nataka Anji."

Akageukia ukutani na kulia mpaka usingizi ukamchukua. Hamida alibaki palepale, hajui ajikunje au ainuke. Alipogeuka alimwona Saleha ameketi kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa ameona yote.

"Miaka minne alikuwa akililia jina lako," Saleha alisema polepole. "Mimi niko chumba cha pili namsikia. Nikienda kumbeba ananisukuma, kama alivyokukataa wewe sasa hivi. Unafikiri Angella aliletwa kwa ajili ya Kiingereza?"

Hamida aliinuka akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Shule yenyewe ingemfundisha Kiingereza. Mimi nilitaka asikulilie wewe. Basi." Saleha alikung'uta mchanga kwenye abaya yake. "Sasa analilia mwingine. Mimi bado niko chumba cha pili."

Hamida alimwona Saleha kwa namna ambayo katika miaka yote ile hakuwahi kumwona. Alitafuta la kumwambia, na kitu pekee alichokipata kilikuwa "samahani, madam," neno alilolitumia pia alipovunja sahani. Akalisema hivyo hivyo. Saleha akaitikia kwa kichwa, wakakaa wakimsikiliza mtoto akipumua.

Gari la kuwabeba lilifika saa tisa na nusu.

Hamida alirudi Al Barsha akisubiri tiketi ya kurudishwa kwao. Alikwishapanga nguo zake kwenye begi. Siku ya tatu Saif aliingia jikoni, akaona begi, akaliondoa njiani kwa mguu.

"Sikufukuzi," alisema. "Lakini sitakuuliza tena jambo nikalitegemea. Nitakwenda kuangalia mwenyewe."

Hilo lilimchoma kuliko tiketi. Tangu hapo, hata akimwambia nyama imeiva, Saif alifunua sufuria.

Kempa yenye jiko ilirudishwa dukani, ikachukuliwa ile nyepesi ya turubai. Mwishoni mwa Februari Saif, Saleha na Shamma walikwenda tena Liwa, wao watatu tu. Saleha ndiye aliyeamua. Kitanda cha msaidizi kilipakiwa mito.

Nyumba ikawa ya wanawake wawili wasio na kazi. Siku ya pili Angella alikuja jikoni, akavuta kiti, akakaa akizungusha kikombe.

"Dada Hamida, yale madumu niliyaona."

"Najua uliyaona. Ulininyamazia, na sikukushukuru."

"Usinishukuru." Angella aliweka kikombe. "Nilijua gari litashindwa. Nilitaka sir akugundue, akurudishe kwenu. Kila siku mtoto akila anasema Hamida hupika hivi, Hamida hupika vile. Nilikuwa nimechoka kukusikia wewe katika mdomo wake. Gari lilipovunjika na yeye yumo ndani, sikulala siku mbili."

Hamida alimtazama msichana yule msafi, mpole, aliyekuwa akimchukia kimyakimya muda wote huo. Alitarajia hasira ije. Badala yake alisikia mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua ndoo. Akasogeza sahani ya chapati katikati ya meza, na wote wawili wakachukua.

Simu ya ukutani ililia kabla hawajamaliza. Hamida ndiye aliyepokea. Alikuwa Saleha, anauliza mtoto huwekewa asali au sukari kwenye uji wa shayiri. Hamida akamwambia asali, kijiko kimoja. Akauliza kama mtoto amelala vizuri.

"Amelala," Saleha alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Hamida hakukijua. "Amelala na mimi."

Alipokata simu Angella alikuwa amesimama. "Ameniulizia?"

Hamida angeweza kusema chochote.

"Hajakuulizia," alisema. "Wala mimi. Kaa, tule."