Miguu ya Wakhisi

Wakhisi hakuweza kuketi, kwa hiyo mazungumzo yetu ya kwanza tuliyafanya sakafuni. Aliingia ofisini kwangu ameinama upande, mkono mmoja kiunoni, akakitazama kiti nilichomvutia kama mtu anayeonyeshwa shimo. Akaniomba radhi, akalala chali juu ya saruji. Sikutaka kumsemesha kutoka juu kama askari. Nilishuka nikaketi karibu na kichwa chake, faili mapajani. Mkewe, Nelima, alibaki mlangoni na ndoo ya maji.

Ilikuwa mwaka wa 1974. Nilikuwa na miezi mitano tu tangu nitoke chuo kikuu, na hospitali ndogo ya misheni kando ya ziwa, nje kidogo ya Kisumu, ilikuwa imeniajiri kukaa na wagonjwa kabla ya operesheni. Niliwaeleza alichosema daktari, nikahakikisha kwamba mtu anayetia kidole kwenye karatasi anajua karatasi inasema nini. Niliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Niliamini kwamba mtu akielezwa kwa heshima, na kwa lugha anayoijua, nusu ya hofu yake huondoka.

Lugha yenyewe ndiyo ilikuwa shida. Mimi ni Mjaluo wa Asembo, na Kiswahili changu nilikipata vitabuni. Wakhisi alikuwa Mbukusu wa pande za Kimilili, na chake alikiokota katika mashamba ya miwa ya Muhoroni, ambako alikuwa amepakia miwa kwenye trela kwa miaka tisa. Sikujua Kibukusu, naye hakujua Kijaluo. Tulikutana katikati, kila mmoja amevaa nguo ya kuazima.

“Madam,” aliniambia akiwa pale chini, “hii mguu inawaka. Inaanza hapa kwa kiuno, inashuka, inashuka mpaka kwa kidole. Ni kama mtu amewasha shamba ya miwa ndani yangu.”

Ndiyo sababu ya ile ndoo. Mara nne kwa siku Nelima alilowesha magunia, akamfunga mumewe kutoka pajani hadi wayo, na kwa muda wa robo saa Wakhisi aliweza kuzungumza bila kukunja uso. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na mbili. Walikuwa na watoto watano, wa kwanza akiitwa Nicodemus, na Nelima alimwita mumewe kwa jina hilo, Baba Nicodemus, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa.

Daktari wa uti wa mgongo alitujia kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi. Alikuwa mtu makini, asiye na maneno mengi. Alimpima Wakhisi, akatazama picha, akanieleza kwa Kiingereza kwamba kati ya pingili mbili za chini, kile kitu laini kinachofanya kazi ya mto kilikuwa kimechomoka na kuukandamiza mshipa wa fahamu. Njia zilikuwa tatu. Angeweza kulala juu ya ubao wiki sita huku uzito ukiivuta miguu yake. Angeweza kuvaa jaketi la plasta miezi mitatu, kisha atafute kazi isiyo ya kubeba, na huenda maumivu yakapungua polepole. Au angeweza kupasuliwa mgongo, kifupa kidogo kiondolewe, na kile kipande kilichochomoka kitolewe. Njia ya mwisho ilileta nafuu upesi zaidi, lakini ilikuwa na hatari yake, na hiyo hatari daktari aliniagiza niiseme mara mbili.

Nililitafuta neno la hatari hiyo kwenye kamusi siku iliyotangulia mazungumzo yetu. Watu wa Kisumu wangesema miguu itakufa. Hilo nililiona neno la sokoni, la kumtisha mtu bure. Nilitaka neno sanifu, na nilipolipata niliona fahari.

“Mzee Wakhisi,” nilisema, “ni lazima ujue. Baada ya operesheni, miguu inaweza kupooza.”

Alifumbua macho. “Yote mbili?”

“Yote miwili.”

“Hata hii ya kulia, ile haiumwi sana?”

“Hata hiyo. Si kwa watu wote. Ni wachache sana wanaofikia hapo.”

Alifikiri kidogo. “Na ikipooza, ni ya siku ngapi?”

“Ikipooza, haitarudi kuwa kama zamani.”

“Hata mimi,” alisema Wakhisi, “sitaki irudi kama zamani.” Akacheka, na kicheko kikamuumiza. Kisha akageuza kichwa kumtazama mkewe. “Sikia, Mama Nicodemus. Ni watu wachache. Basi omba.”

Nelima aliweka ndoo chini, akafumba macho, akaomba kwa Kibukusu. Niliinamisha kichwa. Katikati ya maneno nisiyoyajua nilisikia neno langu likipita, lile lile nililolitoa kwenye kamusi, nikadhani anamsihi Mungu atuepushie jambo hilo. Nilisema amina pamoja nao, kwa sauti kuliko wote.

Wakhisi akaniuliza mimi ningechagua nini. Nilimjibu kwamba angekuwa baba yangu, ningechagua operesheni. Akatia kidole. Nami nikaandika katika faili: Mgonjwa ameelewa. Ni mtu jasiri.

Alipasuliwa siku ya Jumatano. Daktari alitoka chumbani ameridhika, akangoja mgonjwa azinduke, akamwona anatikisa vidole vya miguu, akapanda treni ya jioni kurudi Nairobi. Baadaye jioni hiyo Sista Rosa, muuguzi wa wodi, alimuuliza Wakhisi miguu inaendeleaje. Akamjibu kwamba iko baridi, baridi kabisa, na Mungu ambariki. Rosa akaandika kwamba mgonjwa hana maumivu. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili Nelima hakulowesha gunia.

Asubuhi vidudu vya ziwa viliingia wodini. Huja hivyo majira fulani, wingu zima kama moshi kutoka majini, na hutua kila mahali. Wagonjwa walikuwa wakijipangusa, wakipiga shuka, wakilalamika. Nilipita kumsalimu Wakhisi. Alikuwa akivipangusa vidudu usoni na mikononi, anacheka na jirani yake. Nyayo zake zilitokeza nje ya shuka, na zilikuwa nyeusi. Vidudu vilizifunika kama soksi, vikipanda na kushuka kati ya vidole, naye hakuchezesha hata kimoja.

Nilimwita Rosa. Rosa alivifagia kwa mkono, akamwambia Wakhisi akunje vidole. Wakhisi akasema anakunja. Havikukunjika.

Tulimpigia daktari simu Nairobi. Damu ilikuwa imekusanyika ndani na kuikandamiza mishipa, alisema. Ingegunduliwa saa za mwanzo, ingetolewa. Alirudi siku iliyofuata, akafungua jeraha, akatoa damu iliyoganda, wala hakuna kilichobadilika. Aliuliza sababu gani mgonjwa hakulalamika. Rosa akamwonyesha karatasi. Wote walikubaliana kwamba labda ni dawa ya usingizi iliyomchanganya.

Nami niliamini hivyo, mpaka mchana wa Jumamosi, nilipokwenda kuketi kando ya kitanda. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Wakhisi aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kwa uso wa mtu anayetoa shukrani.

“Madam, neno lako ilikuwa ya kweli. Imepooza. Moto yote imezimika.”

Nelima aliinama karibu yangu ili mumewe asisikie sana. “Sasa imekwisha kupoa,” aliniuliza, “nguvu inaingia siku gani?”

Niliwatazama. Nililisikia neno langu jinsi walivyolisikia wao. Vitabuni kuna irabu moja zaidi kati ya kupoza na kupooza. Katika vinywa vyetu sisi, watu wa nguo za kuazima, hakuna. Nilimwambia mtu anayeungua kwamba, akiwa na bahati ya wachache, miguu yake itapoa na haitaungua tena. Na usiku ule ilipoanza kufa, alilala akifurahi.

“Tusubiri,” nilisema.

Nilisema hivyo Jumamosi hiyo, nikasema tena Jumatatu, nikasema hivyo kwa wiki tatu. Kila asubuhi Wakhisi aliniambia anahisi nguvu iko karibu. Nilianza kupita njia ya nyuma ya wodi. Mjini mama mmoja muuza uji alimwambia mteja wake angoje ampozee, nami nikaacha kikombe changu mezani nikaondoka. Usingizini nilisikia watu wakiomba kwa lugha nisiyoijua, na neno langu likipita katikati yao. Rosa aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni homa.

Katika kitanda cha pili alilazwa Waliaula, mpagazi wa magunia wa gatini Kisumu. Yeye ugonjwa wake ulikuwa wa shingo. Miaka ya kubeba kichwani ilikuwa imezisaga pingili, na sasa mikono yake ilikuwa ikimchoma hadi kwenye kucha. Daktari alisema anaweza kuvaa kola ya plasta na kuacha kubeba, au zile pingili ziunganishwe kwa kipande cha mfupa kutoka nyongani. Waliaula alikuwa mwoga wa kisu na alikwisha kuchagua kola. Lakini alilala karibu na Wakhisi, na walizungumza Kibukusu siku nzima.

Wiki moja kabla ya daktari kurudi, Waliaula alisimama mlangoni kwangu, shingo imekaza ndani ya kola.

“Madam, nimebadilisha nia. Mzee Wakhisi amenieleza yote. Nipe hiyo karatasi na mimi, mnipooze mikono.”

Nilimwacha amesimama hapo. Nilikwenda wodini moja kwa moja, kwa sababu nilijua nikipitia kwanza mahali pengine nitapata jambo la kufanya. Nelima alikuwa akimnyoa mumewe. Nilipiga magoti kwenye saruji, pale ambapo ningeweza kuziona nyuso zao zote mbili, nikawaambia.

Niliwaeleza daktari alisema nini na mimi nilisema nini. Safari hii nilitumia lile neno la sokoni. Nikawaambia kwamba waliosemwa kuwa wachache ni wale wanaopatwa na msiba. Nikawaambia kwamba nguvu haiji, na kwamba nimelijua hilo siku ishirini na moja.

Nelima hakuacha kunyoa. Alimaliza shavu alilokuwa amelianza, akaufuta wembe, akauweka ndani ya bakuli.

“Mimi niliomba,” alisema. “Siku ile kwa ofisi yako. Nilisema, Mungu, wewe unaona hii mateso, ipooze. Ipooze yote mbili.” Alikuwa akiyatazama maji ya bakuli. “Na wewe ukasema amina.”



Wakhisi alikuwa ametulia, povu la sabuni likimkaukia upande mmoja wa uso. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

“Ungesema kufa,” alisema mwishowe, “ningejua.”

“Ungekataa?”

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofanya siku ile sakafuni. “Sijui. Moto ilikuwa kali.” Akajipangusa povu. “Lakini usiku ile ningepiga kelele. Hiyo najua. Ningepiga kelele mpaka hiyo treni isimame.”

Nelima alitoka nje. Tulisikia ndoo ikigonga ukuta.

“Waliaula ametia kidole?” Wakhisi akauliza.

Nilimwambia bado, yuko mlangoni kwangu.

“Mwite.”

Waliaula alikuja polepole, akigeuza mwili mzima kila alipotaka kutazama upande. Wakhisi alimwambia maneno machache kwa Kibukusu. Waliaula alicheka, akidhani anataniwa, akaacha kucheka. Kisha Wakhisi akaivuta shuka mpaka mapaja yakawa wazi, na akasema kwa Kiswahili, ili nami nielewe:

“Weka mkono hapa juu ya goti. Finya.”

Waliaula aligusa kidogo.

“Finya, bwana. Wewe ni mpagazi ama bibi arusi?”

Waliaula aliinama na kola yake, akakaza. Wakhisi alifumba macho. Uso wake ulikuwa umeelekezwa pembeni, umekazana, kama mtu anayesikiliza trekta iliyo mbali akitaka kujua inakuja au inakwenda. Mkono wake ulinipapasa, ukanishika kiganja. Tulikaa hivyo.

“Umeanza?” akauliza.

Waliaula alinitazama mimi. Kucha zake zilikuwa zimekwisha kuzama ndani ya ngozi.