Mashua ya Shemeji

Mama Saa alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua, akifuta vumbi chini ya benchi la nyuma, ndipo kidole chake kilipozama ubaoni. Wala hakubonyeza kwa nguvu. Kilizama tu, kama kwenye mkate uliolowa chai, kikaishia kiungo cha pili. Akakichomoa taratibu. Kilitoka na unga mweusi unaonuka uyoga.

Akakinusa mara ya pili.

Nje, mumewe alikuwa akipiga mbinja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, na mtaa mzima ulimwita Mzee Saa. Mkewe akawa Mama Saa kwa kuolewa tu. Juzi mzee alikuwa amemaliza kuipaka mashua rangi ya buluu. Ilikuwa mara ya tisa. Kila mwaka, tangu mdogo wake azikwe, alikuja kwenye uwanja wa mafundi na kopo moja na brashi, akapaka buluu juu ya buluu, akarudi nyumbani roho kwatu. Marehemu ndiye aliyeiunda mashua ile kwa mikono yake, na kaka mtu aliapa kwamba kazi ya mdogo wake haiguswi. Haikwanguliwi, haifunguliwi. Saa ya mtu angeifungua vipande mia, akaipuliza, akaifunga. Mashua aliipaka tu.

Na leo ilikuwa inaingia majini. Binti yao alikuja na mtoto wake wa miaka minne, na babu alikuwa amewaahidi kuwavusha mpaka ng'ambo ya ziwa. Pale katikati hata mwogeleaji hodari hapatanii.

"Baba watoto," Mama Saa aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uone huku."

"Nione nini, panya? Mwambie ashuke, hajalipa nauli." Akacheka mwenyewe. "Toka humo, mama. Wasukumaji wameshafika."

Walikuwa wanaume sita wenye mabega mapana. Mmoja akaipigapiga mashua ubavuni. "Mzee, hii imevaa makoti tisa! Ikizama itakuwa imekimbia joto!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Saa hakucheka. Alishuka, akamsogelea mumewe, akamwonyesha kidole. Mzee Saa akakitazama, kisha akatazama pembeni.

"Uchafu huo."

"Ni ubao. Umeoza."

"Mdogo wangu hakuunda kitu cha kuoza."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga wamemaliza. Lakini Mama Saa hakuwa mke wa kumtupia mumewe methali mbele za watu. Akaimeza.

Hapo akafika fundi wa mashua, na nyundo yake ndogo ya mti. Uwanja ule ulikuwa na sheria moja: chombo kilicholala nchi kavu hakirudi majini kabla hakijagongwa. Fundi huanza mbele, akagonga ubao mmoja mmoja huku ametega sikio. Ubao mzima hulia. Uliooza hujibu kama boga.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Hiyo nyundo irudishe ulikoitoa."

"Dakika kumi tu, mzee."

"Haigongwi! Miaka tisa unanizunguka na nyundo kama mchoma sindano. Nani kakwambia inaumwa?"

Fundi akasogea kando. Mzee Saa akambeba mjukuu wake, akampandisha, akamkalisha mbele. "Nahodha kapanda! Sukumeni!"

Wanaume wakatazamana. Kisha wakainama, magogo yakaanza kubingirika, mashua ikateremka kuelekea majini. Mtoto akapiga makofi kwa furaha.

Mama Saa alikimbia. Kwa umri wake na magoti yale, alikimbia akaipita mashua, akageuka, akasimama mbele yake, maji yakimlamba visigino.

"Mama, toka!" wasukumaji wakapiga kelele. "Inakuja!"

Hakutoka. Wakaruka mbele wakaizuia kwa migongo, miguu ikichimba mchanga, mishipa imewatoka shingoni. Ikasimama shubiri moja kutoka kifuani pake.

"Una wazimu?" Mumewe akafoka.

"Ninao. Mshushe mjukuu wangu, halafu mnipitie juu."

Binti yao alikuwa ameshafika, anahema. "Mama, kuna nini?"

"Muulize baba yako."

"Baba? Mashua ni nzima?"

Mzee Saa alifungua kinywa. Hakuwahi kumdanganya binti yule, tangu akiwa mtoto wa mgongoni. Mtoto akaacha kupiga makofi.

"Sijui," akasema. Neno lilimtoka kama jino.

Binti akamchukua mwanawe. Fundi naye akaweka kabari chini ya magogo, akailaza nyundo juu ya gogo, mpini umeelekea kwa mzee. Kisha akawageukia wasukumaji. "Jamani, njooni mnisaidie ile kamba kule." Kamba haikuwepo. Wote sita walimfuata, na hakuna aliyegeuka nyuma. Mama Saa aliwaombea heri kimoyomoyo.

Mzee Saa akaichukua nyundo. Akagonga ubao wa kwanza; ukalia. Wa pili ukalia. Akafumba macho, kwani sikio lile lilikuwa limesikiliza saa za watu miaka arobaini, na halikujua kumpendelea mwenyewe. Akasogea hatua kwa hatua mpaka nyuma.

Bu.

Akagonga tena, polepole, kama anayebisha hodi nyumba anayojua imehamwa. Bu. Wa chini yake, bu.

"Aliniachia nzima," alisema.

"Najua."

"Mimi ndiye niliyeifunika, mama. Kila mwaka nafunika."

"Najua, baba watoto." Akasogea akasimama nyuma yake, ili walioko kule wasimwone mzee akijifuta uso.

Alipomaliza, akaita kwa sauti iliyokwaruza. "Fundi! Upande wa pili bado."

Fundi akaja taratibu. Mzee Saa akampa nyundo.

"Gonga wewe," akasema, akaliegemeza sikio kwenye mbao. "Mimi nisikilize."